Luxor kandokando ya Nile: niende na mzee wangu mwezi Juni au nisubiri Desemba?

BintiNyegezi aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Baba yangu ana umri wa miaka 74. Alifanya kazi katika meli za Ziwa Victoria kwa zaidi ya miaka 30, kwanza akiwa baharia wa sitaha na baadaye katika chumba cha mitambo, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia kwamba maji ya ziwa letu hayalali: yanatokea Jinja, yanakwenda mpaka kwa Firauni, kisha yanaingia baharini. Alipostaafu alitamka jambo moja tu ambalo angependa kuliona kabla macho yake hayajachoka zaidi, nalo ni mto huo ukipita mbele ya mahekalu ya kale. Sisi watoto wake tumechanga kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na sasa fedha ya safari imetimia.

Nimechagua Luxor badala ya Kairo kwa sababu nimeelewa kwamba mji wenyewe si mkubwa sana, mto unapita katikati ya maisha ya watu, na mambo mengi ya kuona yako karibu karibu. Tutakuwa wanne: baba, mimi na wanangu wawili wenye umri wa miaka 9 na 13. Tuna siku tano kamili mjini.

Ninaomba ushauri kwa mambo matatu. Kwanza, likizo za shule zinanipa nafasi mbili tu, Juni au Desemba, na Juni nauli ni nafuu kwa kiasi kikubwa. Pili, baba anatembea vizuri mahali tambarare, lakini goti la kulia halipendi ngazi, hasa za kushuka. Tatu, wakala mmoja wa safari amenipa ratiba yenye vituo 11 kwa siku mbili za mwanzo, na nilipoisoma nilichoka kabla sijaondoka nyumbani. Ningependa kujua kutoka kwa waliofika ni vipi vya kubakiza na ni vipi vya kuacha, na zaidi ya yote, ni kwa njia gani baba ataupata mto wenyewe na si kuutazama kupitia dirisha la basi.

MamaWaNakuru alijibu:

Dada BintiNyegezi, pole na pilikapilika za maandalizi, na hongereni kwa moyo wa kumtunza mzee. Nilikwenda Luxor na mama mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 70, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyeshika mkono wa mzee kwenye ngazi zile zile unazozihofia.

Kuhusu mwezi, tafadhali usiende Juni. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tunadhani kwamba tunalijua joto, na kweli tunalijua lile la Mombasa na Dar es Salaam lenye unyevu, lakini joto la Luxor ni la jangwani. Mwezi Juni mchana hufika nyuzi 40 na kuzipita, anga halina wingu, mvua karibu haipo kabisa mwaka mzima, na mabonde ya ng'ambo ya magharibi yamezungukwa na miamba myeupe inayorudisha jua usoni kama sufuria. Mtu wa miaka 74 hupoteza maji mwilini bila kutoka jasho la kuonekana, kwa sababu linakauka kabla hajalihisi. Desemba mchana huwa karibu nyuzi 23 au 24, anga ni lile lile la buluu, na mtu anaweza kutembea mpaka adhuhuri bila kuumia. Usiku unashuka chini ya nyuzi 10, jambo ambalo kwa mtu wa Mwanza ni baridi ya kweli, kwa hiyo mbebee mzee sweta nzito na soksi. Nauli ya Desemba itakuuma, hasa wiki ya Krismasi. Mkiweza kuondoka mara shule zinapofungwa na kurudi kabla ya sikukuu, mtaokoa kiasi.

Sasa goti. Mji umegawanywa na mto kwa namna ambayo itakusaidia kupanga siku zako. Upande wa mashariki ndiko waliko watu, hoteli, kituo cha treni na mahekalu mawili makubwa, Karnak na Hekalu la Luxor, na kote humo ardhi ni tambarare. Upande wa magharibi, ambako jua linatua, ndiko Wamisri wa kale walikozika wafu wao, na huko ndiko kuliko ngazi na miteremko. Sisi tulikosea kwa kwenda magharibi siku mbili mfululizo, na siku ya pili mama alikaa kwenye benchi akitusubiri. Panga siku moja magharibi, siku inayofuata mashariki, ili goti lipumzike katikati.

Katika Bonde la Wafalme kuna makaburi zaidi ya 60 yanayojulikana, lakini tiketi ya kawaida inakuruhusu kuingia matatu tu kati ya yale yaliyofunguliwa siku hiyo, na hapo ndipo uchaguzi unapohitajika. Kaburi la Ramesses wa Nne liko karibu na lango, njia yake ni pana, inateremka taratibu, na rangi za kutani bado ni nyingi. La Ramesses wa Tisa nalo halisumbui sana. La Thutmose wa Tatu liache kabisa, kwa sababu unapanda ngazi za chuma mpaka kwenye ufa wa mwamba, kisha unateremka tena ndani, na hewa ya humo ni nzito. La Merenptah pia lina mteremko mrefu ambao kurudi kwake ni adhabu. Ukipenda kaburi moja la kulipia zaidi, ningekuchagulia la Ramesses wa Tano na wa Sita, ambalo dari yake imechorwa mungu wa kike wa anga akilimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Wanangu hawajaisahau dari hiyo mpaka leo.

Watoto watataka kuona kaburi la Tutankhamun, lile ambalo Howard Carter aliligundua tarehe 4 Novemba 1922, na hilo nalo lina tiketi yake. Waandae mapema kwamba ni dogo na kwamba vile vyombo vya dhahabu havimo, kwa kuwa vilipelekwa Kairo, ingawa mwili wa mfalme mwenyewe bado umelazwa humo ndani. Ngazi za mwanzo ni 16, kwa hiyo baba anaweza kuzimudu akipewa muda.

Jambo la mwisho: mwe mmefika langoni saa kumi na mbili asubuhi. Kati ya saa hiyo na saa mbili mnakuwa na utulivu. Baada ya hapo mabasi yanaingia, na foleni ndani ya njia nyembamba za makaburi humchosha mzee kuliko ngazi zenyewe.

AliyesomaKairo alijibu:

Assalaam alaykum, dada yangu, na salamu nyingi kwa mzee. Mimi ni mtu wa Unguja. Nilisoma Al-Azhar kwa miaka kadhaa, na kila likizo fupi tulikuwa tukipanda treni kwenda kusini, mwendo wa takribani kilomita 670 na saa kumi hivi, kwa sababu maisha ya Luxor yana upole ambao Kairo haina. Mama wa Nakuru amekueleza vizuri kuhusu mwezi na miguu, nami nitajibu lile swali lako la tatu.

Usivuke mto kwa teksi. Teksi itakupeleka kwenye daraja lililoko kilomita kadhaa kusini mwa mji na kukurudisha kwa upande wa pili, na hapo utakuwa umetumia muda mwingi bila kuyagusa maji. Mbele ya Hekalu la Luxor kuna kivuko cha umma ambacho wenyeji hukitumia kwenda kazini, sokoni na shuleni. Nauli yake ni ndogo, kinaondoka kila kinapojaa, na kwa dakika chache mko ng'ambo. Mzee wako atajisikia kama yuko Kamanga au Busisi enzi zile kabla ya daraja. Mketishe juu, sitahani, upande wa kaskazini, ambako upepo unatokea.

Jioni mkodishieni mashua ya tanga. Wenyewe huiita feluka, na ina tanga moja refu la pembe tatu ambalo mtu wa pwani yetu atalitambua mara moja. Patana bei kwa saa kabla ya kupanda, useme kwa uwazi ni watu wangapi na ni muda gani, na ulipe mkirudi nchi kavu. Nayasema haya kwa sababu siku moja nahodha mmoja alinigeuzia maneno katikati ya mto, akadai kwamba bei tuliyoafikiana ilikuwa ya mtu mmoja na si ya chombo kizima, na kwa vile nilikuwa nimekwisha kulipa sikuwa na la kufanya. Desemba jua linatua karibu saa kumi na moja, kwa hiyo muwe majini saa kumi kasoro. Mlima wa magharibi unageuka rangi ya udongo wa chungu, na sauti za adhana zinatoka pande zote mbili za mto kwa kupishana. Mimi sijui mahali pengine ninapopapenda zaidi kwa saa hiyo.

Hekalu la Luxor usiende mchana. Linakaa wazi mpaka usiku, taa zinawashwa chini ya nguzo, na mawe yaliyokuwa yakikuunguza saa sita sasa yanakuwa baridi. Langoni utaona mnara mmoja wa jiwe zima uliochongoka juu, na pembeni pake kitako kitupu. Mwenzake uko Paris, ulikosimamishwa mwaka 1836. Kisha tazama juu, upande wa kushoto, uone mlango wa msikiti unaoning'inia hewani. Huo ni msikiti wa Sheikh Abu Haggag, uliojengwa wakati hekalu lilikuwa limefukiwa na udongo na nyumba za watu kwa karne nyingi. Wachimbaji walipouondoa udongo huo, sakafu ya hekalu ikajitokeza chini kabisa, na mlango ukabaki pale ulipokuwa. Msikiti bado unasaliwa. Ndani ya hekalu hilo hilo kuna chumba ambacho Warumi walikichora picha zao juu ya zile za Mafarao, na kumewahi kuwa na makanisa pia, kwa hiyo mahali hapa watu wameinama kuabudu kwa zaidi ya miaka 3,300 bila kukoma kwa muda mrefu. Kila mwezi wa Shaabani, katika maulidi ya sheikh huyo, watu hubeba mashua barabarani, na wapo wanaoona katika desturi hiyo mwangwi wa sikukuu ya kale ya Opet, ambapo sanamu za miungu zilibebwa katika mashua kutoka Karnak hadi hekalu hili. Njia yenyewe waliyopitia, yenye urefu wa kilomita 2.7 na sanamu za sfinksi (simba wenye kichwa cha mtu au cha kondoo) kila upande, ilifunguliwa tena Novemba 2021, na vijana wako wanaweza kuitembea wakati wewe na mzee mnatangulia kwa gari.

Kuhusu chakula, msihangaike. Watawaletea mulukhiya, nanyi mtagundua kwamba ni mlenda, mti ule ule, ila wao huukatakata sana na kuupika kwa supu ya kuku au ya sungura na vitunguu saumu vilivyokaangwa. Karkade ni rosela, ambayo kwa wengine wetu ni choya, na hunywewa moto au baridi. Miwa imejaa mashambani pande zote, na juisi yake iko kila kona. Asubuhi mle maharage ya ful kwa mkate. Lugha nayo itawasaidia kuliko mnavyodhani: samaki, sukari, dakika, ishirini, thelathini, shukrani, haya yote mtayasikia yakiwa yamebadilika kidogo tu. Hata bakshishi ni hiyo hiyo, na mtaombwa sana, hasa na walinzi wa makaburi watakaojitolea kuwaonyesha kitu ambacho hamkuuliza. Kataa kwa upole ukiweka mkono kifuani, au toa noti ndogo ikiwa kweli amekusaidia. Tiketi za sehemu kubwa sasa hulipwa kwa kadi ya benki, kwa hiyo hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya nchi kabla hujaondoka. Habari za viza uulize ubalozi wenyewe mapema, usitegemee maneno ya wakala.

MwalimuWaPangani alijibu:

Bi Nyegezi, swali lako limenigusa kwa sababu nimefundisha historia kwa miaka 26, na nilipofika Luxor nilikuwa tayari nimestaafu, kama alivyo mzee wako. Wenzangu wamezungumzia miguu na tumbo, nami naomba nizungumzie yale ambayo baba yako amekuwa akiyabeba kichwani, kwa maana anastahili kuyapata kwa usahihi.

Ni kweli kwamba maji yanayotoka Jinja yanafika Luxor. Hata hivyo, mwambie mapema kwamba sehemu kubwa ya maji anayoyaona pale, karibu asilimia 85 kwa hesabu ya mwaka, hutoka milima ya Ethiopia kwa njia ya Nile ya Buluu na mito mingine, na kwamba maji yetu hupotea mengi kwa mvuke katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Asivunjike moyo kwa hilo. Maji ya Ethiopia huja kwa kishindo wakati wa masika ya huko kisha hupungua sana, ilhali yale ya maziwa yetu hutiririka mwaka mzima bila kubadilika mno. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, katika miezi ile ambayo mto ulishuka kabisa, ni Nile Nyeupe, yaani mto wetu, ndiyo iliyoushikilia usikatike. Mtu aliyekesha kwenye mtambo wa meli usiku kucha ili uendelee kunguruma kwa kasi ile ile ataelewa thamani ya kazi ya namna hiyo.

Mwonyeshe pia jinsi mto na upepo vinavyopatana. Maji yanakwenda kaskazini, upepo mwingi unavuma kutoka kaskazini, kwa hiyo tangu kale nahodha anayekwenda kusini hupandisha tanga, na anayerudi kaskazini hulishusha na kuachia mkondo umchukue. Wamisri wa kale walipoandika neno la kusafiri kusini walichora mashua yenye tanga, na la kusafiri kaskazini walichora mashua isiyo na tanga. Akiwa kwenye feluka, mwambie akae kimya amtazame nahodha kwa nusu saa, atayasoma mwandiko huo bila mwalimu.

Katika ng'ambo ya magharibi, kama ningelazimishwa kuchagua mahali pamoja, ningechagua hekalu la Malkia Hatshepsut pale Deir el-Bahari. Kwanza kwa ajili ya goti: kutoka lango la tiketi kuna vigari vya umeme, na hekalu lenyewe hupandwa kwa miteremko mipana miwili, si ngazi za mfululizo. Pili kwa sababu iliyonipeleka mimi. Katika usawa wa pili wa hekalu, upande wa kushoto ukilielekea, ukuta umechongwa safari ya meli alizozituma malkia huyo nchi ya Punt, karibu miaka 3,500 iliyopita, akileta manemane, ubani, dhahabu na nyani. Wataalamu wengi huiweka Punt upande wa kusini mwa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika, katika maeneo ya Eritrea, Ethiopia, Sudan au Somalia ya leo. Utaona nyumba zilizosimama juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, miti ya manemane ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani wakitembea juu ya shehena, na chini ya meli samaki wa baharini wamechorwa mmoja mmoja kwa uangalifu hata wavuvi wa Pangani wangebishana majina yao. Mimi nimezaliwa kwenye mlango wa mto, mahali ambapo majahazi yaliingia na kutoka, na niliposimama mbele ya ukuta ule nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza nimekutana na kumbukumbu ya zamani kabisa ya mtu aliyepakia bidhaa za upande wetu wa bara hili. Baadhi ya mawe ya asili yako katika jumba la makumbusho la Kairo, na michoro mingine imefifia, kwa hiyo nendeni asubuhi wakati mwanga unaingia kwa ubavu na kuyakuza yale yaliyochongwa. Jina Deir el-Bahari, kwa njia, halihusu bahari. Ni monasteri ya kaskazini, kwa kuwa kwa Wamisri upande wa bahari ndio upande wa kaskazini.

Mkibakiwa na nguvu, piteni kijiji cha Deir el-Medina, walikoishi mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Misingi ya nyumba zao ingali wazi. Mafundi hao ndio ambao, katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, waliweka vifaa chini na kuondoka kazini kwa sababu posho yao ya nafaka ilikuwa imechelewa, na karani akayaandika hayo kwenye mafunjo, nayo ndiyo habari ya mgomo wa wafanyakazi ya kale zaidi tunayoijua. Mzee aliyewahi kungoja mshahara ataipenda. Sanamu mbili kubwa za Memnon, zenye urefu wa mita 18 hivi, ziko barabarani na hazina kiingilio, kwa hiyo dakika kumi zinatosha.

Karnak nayo haiwezi kuachwa. Ina ukumbi wa nguzo 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa mita 21 hivi, na hakuna picha itakayomwandaa mtu kwa ukumbi huo. Ninachoomba ni kwamba muipe asubuhi nzima peke yake. Ratiba ya vituo 11 kwa siku mbili inawatendea vibaya wazee na mawe kwa pamoja.

MpigaPichaArusha alijibu:

Naongeza moja kuhusu maputo, kwa sababu wakala atakushawishi. Huruka kabla ya jua kuchomoza, kutoka ng'ambo ya magharibi, na ukiwa juu unaona mstari mmoja ambapo kijani cha mashamba kinakatika na jangwa linaanza, kana kwamba mtu amekata kwa kisu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga Misri. Hata hivyo, kuingia kapuni ni kwa kupanda ukuta wake kwa vitundu vya miguu, na kutua wakati mwingine ni kwa kishindo huku abiria wamechuchumaa, kwa hiyo kwa goti la mzee simshauri. Ni haki pia ujue kwamba Februari 2013 puto moja liliungua hapo Luxor na watu 19 wakafariki. Mkiamua kumpeleka mtoto mkubwa, ulizeni leseni na bima, na upepo ukiwa mkali msilazimishe.

BintiNyegezi alijibu:

Ndugu zangu, sina namna ya kuwashukuru. Nimewasomea baba na wanangu majibu yote jana usiku, na Mwalimu, ile habari ya mto wetu kuushikilia Nile usikatike aliniomba niirudie mara mbili.

Tumeamua Desemba, wiki ya kwanza ya likizo. Siku ya kwanza ni mapumziko, na usiku Hekalu la Luxor. Ya pili tunavuka kwa kivuko, Bonde la Wafalme alfajiri, kisha tunarudi kulala mchana. Ya tatu Karnak na feluka jioni. Ya nne Hatshepsut na Deir el-Medina. Puto tumeliacha. Siku ya tano bado iko wazi, na nimegawanyika kati ya jumba la makumbusho la Luxor lililoko ufukweni na ile safari ya meli ya siku nne kwenda Aswan ambayo wakala bado anaisifia, ingawa naona haitatosha katika muda wetu. Je, mnaonaje?

AliyesomaKairo alijibu:

Safari ya Aswan ni nzuri, lakini kwa siku zenu itakula kila kitu mlichokipanga. Jumba la makumbusho si kubwa na linafunguliwa pia jioni, kwa hiyo mnaweza kuliingiza siku ya tatu au ya nne, saa moja na nusu inatosha, mkatazame zile sanamu zilizogunduliwa mwaka 1989 chini ya ua wa Hekalu la Luxor.

Kwa siku ya tano, na kwa mtu aliyetumia maisha yake katika chumba cha mitambo, mimi ningempeleka Esna, kilomita 55 hivi kusini mwa Luxor. Pale mto umezuiwa kwa ukuta, na meli zote zinazokwenda na kutoka Aswan hulazimika kupita katika chumba cha maji chenye malango mawili. Meli inaingia, lango la nyuma linafungwa, maji yanajazwa mpaka inainuka kulingana na upande wa juu, kisha lango la mbele linafunguliwa. Meli nyingine husubiri zamu, na wachuuzi huzisogelea kwa vimashua wakirusha vitambaa na majoho mpaka sitahani, nayo fedha hurushwa chini. Mjini hapo kuna pia hekalu la Khnum, mungu ambaye waliamini anawafinyanga wanadamu kwa udongo kwenye gurudumu la mfinyanzi. Liko mita tisa chini ya usawa wa mitaa ya leo, kwa hiyo zipo ngazi, nanyi mtaamua wenyewe, lakini dari lake limesafishwa masizi miaka ya karibuni na rangi zimetoka kama zilizopakwa jana. Mzee anaweza kuketi kivulini karibu na mto na kutazama meli zikiinuliwa wakati ninyi mko hekaluni.

BintiNyegezi alijibu:

Nimemwonyesha baba jibu lako, ustadhi. Alivaa miwani, akalisoma mwenyewe, akaniomba karatasi, akachora chumba hicho na malango yake na mishale ya maji. Kisha akaniambia nikuulize mambo mawili: maji ya kujazia chumba yanaingia kwa pampu au kwa uzito wake yenyewe kutoka upande wa juu, na je, akiomba kwa adabu, wanaweza kumruhusu asimame karibu na lango linapofunguliwa?

AliyesomaKairo alijibu:

Mwambie mzee yanaingia kwa uzito wake yenyewe kutoka juu, hakuna pampu inayoyasukuma. Hilo la pili halitegemei mimi, kwa kuwa pale ni mahali pa ulinzi na askari ndio wenye neno. Lakini kutoka barabara ya juu ya ukuta wa mto malango yanaonekana vizuri, na nitakuandikia kwa Kiarabu sentensi mbili za kumweleza askari kwamba mgeni huyu ni fundi mstaafu wa meli kutoka kwenye chanzo cha mto. Uzichapishe kwa herufi kubwa, mzee azitoe mfukoni mwenyewe.